Manjano, stafeli na kemo ya mama

Dada, pole kwa kuuguza. Umeuliza kama mama, mwenye saratani ya titi, aache dripu za kemo (dawa za kuua seli za saratani) anywe manjano na majani ya stafeli. Asiache.

Kurkumini iliyomo kwenye manjano huua seli za saratani katika vyombo vya maabara, ni kweli. Ila ukiimeza, utumbo hunyonya kidogo mno na ini huiondoa upesi. Stafeli ndiyo inayonitia hofu zaidi: majani yana anonasini, sumu ya neva, na huko Guadeloupe, kisiwa cha Karibi, imehusishwa na ugonjwa unaofanana na Parkinson, maradhi ya neva ya kutetemeka na kukakamaa.

Na wanaosema hospitali inachukia mimea (wapo wengi!), waulize vinkristini, mojawapo ya dawa za kemo, hutoka wapi. Kwenye ua la Madagaska. Paklitakseli, inayotumika sana kwa saratani ya titi, ilipatikana kwenye gome la mti wa Marekani. Tofauti ni kwamba kiini kimechujwa na kipimo kinajulikana.

Manjano ya kwenye mchuzi hayana neno, mpikie mama. Vidonge vya kurkumini ni habari nyingine, vinaweza kugongana na dawa zake. Kama ameshavinunua, beba kopo lenyewe kliniki, daktari asome lebo kabla ya dripu ijayo.