Maswali yenu ya gofu: Lee Elder alitangulia

Tiger Woods ndiye mchezaji mweusi wa kwanza kucheza Masters, yale mashindano makubwa ya gofu ya Augusta, Marekani, sivyo?

Sivyo. Kila Aprili mnauliza, kila Aprili najibu. Ni Lee Elder, Augusta, tarehe 10 Aprili 1975, Tiger hata hajazaliwa. Tiger alikuwa wa kwanza kushinda, 1997. Video fupi mnazotumiana kwenye simu huchanganya mambo haya mawili, basi msizisambaze kabla ya kuhakiki.

Mbona Elder alifika Augusta akiwa na miaka 40?

Alicheleweshwa. Mpaka 1961 kanuni za PGA, chama cha gofu ya kulipwa Marekani, ziliruhusu wazungu peke yao. Ujana wake Elder aliumalizia kwenye mashindano ya UGA, chama cha wachezaji weusi, zawadi kiduchu. Alipoingia ziara kuu, yaani mfululizo wa mashindano ya kulipwa ya Marekani, mwaka 1968, alimkaba bingwa Jack Nicklaus kule Akron: walilingana mikwaju, wakaenda mpaka shimo la tano la nyongeza ndipo akashindwa. Mwaka huohuo, Pensacola, wachezaji weusi walizuiwa kuingia jengo la klabu, wakabadilishia nguo kwenye maegesho ya magari. Hapohapo Pensacola, 1974, alimshinda Peter Oosterhuis kwenye shimo la nne la nyongeza, na ushindi huo ukampa nafasi ya Masters.

Nanyi mnaosema Augusta walimwonea Elder huruma, mkumbukeni mchezaji mweusi mwenzake, Charlie Sifford. Alishinda mashindano ya ziara mwaka 1967 na 1969, na hakualikwa Masters hata mara moja.

Elder alimaliza Masters ile nafasi ya ngapi?

Mikwaju 74 siku ya kwanza, kisha 78 siku ya pili. Hakuvuka mchujo wa kuingia siku mbili za mwisho.

Sasa kama hakuvuka mchujo, sifa zote hizi za nini?

Swali hili linaniudhi. Elder alikuwa ametishiwa kuuawa. Wiki ile alipangisha nyumba mbili Augusta, akawa anahamahama ili watu wasijue amelala wapi. Kisha asubuhi unasimama mbele ya umati, unatakiwa mikono isitetemeke. Na hakuishia hapo: alishinda mara 4 kwenye ziara kuu, mara 8 kwenye ziara ya wakongwe, na 1979 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kucheza Ryder Cup, shindano la timu za Marekani na Ulaya. Anayempima kwa Masters moja hajafuatilia gofu.

Aliwahi kufika Afrika?

Ndiyo, mwaka 1971. Gary Player, mchezaji mzungu wa Afrika Kusini, alimwalika nchini kwake wakati wa ubaguzi, naye akaweka sharti kwamba watazamaji wasitengwe kwa rangi. Wapo waliomlaumu kwa kwenda. Mimi naona alifanya sawa. Mwaka huohuo alitwaa Nigerian Open.

Mimi ni kedi, nina miaka 24, nabeba mabegi ya wanachama. Nimeshachelewa?

Hujachelewa, ndugu yangu. Elder naye alianza kwa kubeba mabegi, yatima wa Dallas. Ila usiige kucheza kamari. Yeye aliwahi kuishi kwa michezo ya dau, akimwendeshea gari mcheza kamari Titanic Thompson. Mshahara wako hauwezi kuhimili hayo. Iulize klabu yako: makedi wana siku yao ya kucheza? Wanaruhusiwa kufanya mazoezi? Klabu ya Augusta ilitegemea makedi weusi miaka mingi, lakini mwanachama mweusi wa kwanza ilimpokea mwaka 1990. Wakikujibu kwamba uwanja ni wa wanachama tu, nendeni makedi wote pamoja mkaonane na kamati, na ombi lenu mliandike.