Filamu ya Kimalayalam na neti ya kusuasua

Neti ya nyumbani kwetu ikiamka vizuri inafika megabiti 4 kwa sekunde. Usiku wa saa mbili, mtaa mzima ukiwa umesharudi kutoka kazini na kila mtu kashika simu, inashuka hadi 2 na mara nyingine chini ya hapo. Kwa kasi hiyo taarifa ya habari inatazamika. Mpira unatazamika, kwa manung'uniko. Thrila, yaani filamu ya taharuki, ya Kimalayalam (lugha ya jimbo la Kerala, India) haitazamiki, na mtu anayekwambia uvumilie tu hajawahi kuitazama.

Chukua Drishyam ya mwaka 2013, iliyoongozwa na Jeethu Joseph. Ina dakika 164. Mwigizaji Mohanlal ni Georgekutty, mtu wa kijijini huko Idukki, kwenye milima ya Kerala, aliyeishia darasa la nne na sasa anawaunganishia wenzake televisheni ya kebo. Sehemu kubwa ya mwanzo hakuna kinachokimbia: anabana matumizi hadi mkewe analalamika, anapiga soga kwenye mgahawa wa chai, anakesha ofisini akitazama sinema. Asiyejua atasema filamu imelala. Subiri polisi waanze kuhoji watu ndipo utaona kwamba yale maneno ya mgahawani na zile sinema za usiku hazikuwekwa pale kujaza muda.

Sasa picha ikikwama hapo mwanzoni, kile kiduara kikaanza kuzunguka, utafanya nini? Utachukua simu ujibu meseji. Picha ikirudi, utasogeza mbele kidogo kwa kuwa "hakuna kinachoendelea". Basi umeshaiharibu. Tena Kimalayalam hatukisikii hata neno. Filamu ya Kihindi wengi wetu tumekua nayo, unaweza kuwa jikoni ukaokota maneno mawili matatu ukajua nani kamkasirikia nani. Hii unaisoma kwenye maandishi ya chini, tena kwa Kiingereza, na ukiondoa macho kwenye skrini umepoteza sentensi.

Kwa hiyo mimi sitazami moja kwa moja mtandaoni. Nashusha kwanza, filamu nzima, kisha natazama siku nyingine.

Hesabu yake ndiyo hii. Netflix wenyewe wanakadiria kwamba saa moja ya filamu inakula karibu GB 0.3 kwa ubora wa chini, 0.7 kwa ubora wa kati, na hadi 3 kwa ubora wa juu, HD. Filamu ya dakika 164 kwa ubora wa kati ni kama GB 1.9. Neti ya megabiti 2 inashusha karibu GB 0.9 kwa saa (gawanya kwa nane, maana megabiti siyo megabaiti, na hapo ndipo matangazo ya vifurushi yanapotuchanganya). Saa mbili na dakika chache, imeshuka. Kwa HD ungesubiri zaidi ya saa tisa.

Mjanja mmoja atasema: kama inashuka kwa muda mfupi kuliko urefu wake, si ningeitazama tu papo hapo? Kwenye karatasi, ndiyo. Lakini kinachokwamisha picha siyo wastani wa kasi, ni zile sekunde ishirini ambazo neti imezimia kabisa. Unaposhusha hazikuhusu, inangoja halafu inaendelea. Iwekee usiku wa manane ukiwa umelala, simu kwenye chaji, na kwenye mipangilio uiambie ishushe kwa waifai tu, la sivyo asubuhi utakuta bando la simu limekwisha.

Kabla hujabonyeza, hakikisha ni filamu yenyewe. Drishyam imerudiwa kwa Kitelugu, Kikannada, Kitamil, Kihindi, na hata Wachina wana ya kwao. Ukitafuta jina hilo, ya Kihindi ya 2015, aliyoigiza Ajay Devgn, inaweza kukutangulia. Siyo mbaya, ila siyo hii. Tazama mwaka, tazama lugha ya sauti, maana filamu za Kerala nazo huingizwa sauti za Kihindi. Na zile nakala za kwenye flashi achana nazo. Mara nyingi maandishi yanachelewa nyuma ya midomo, na kwenye filamu ya mahojiano ya polisi hiyo ni adhabu.

Ubora wa kati usikutie unyonge. Kwenye programu rasmi maandishi ya chini kwa kawaida huja peke yake, hayajachorwa ndani ya picha, kwa hiyo hata picha ikiwa na ukungu yenyewe yanabaki makali. Kitakachokuudhi ni matukio ya usiku. Palipo na giza, picha iliyobanwa sana inavunjika vipande vya mraba, na thrila hizi zinapenda usiku na mvua. Punguza mwanga wa skrini, haitaonekana sana.

Ipo moja ambayo kanuni hii haiifai: C U Soon ya Mahesh Narayanan, iliyotoka 2020. Yote inaendelea ndani ya skrini za simu na kompyuta, kuanzia meseji na simu za video mpaka mtu anayetafuta kitu mtandaoni, na kisa chenyewe kinamhusu binti aliye Dubai. Meseji zile ni sehemu ya picha. Ukiishusha filamu kwa ubora wa chini husomi kitu. Hii iache ishuke usiku kucha, haizidi dakika mia moja.

Kuhusu neti yenyewe, kabla hujampigia mtoa huduma kwa hasira, pima mara mbili. Kwanza simama kando ya ruta, kisha pima pale unapokaa kutazama. Namba zikikaribiana, tatizo lipo huko nje na una haki ya kupiga. Zikiachana sana, tatizo ni kuta zako. Kwetu ruta ilikuwa imewekwa nyuma ya televisheni, chini kabisa, kwa sababu fundi alipachika pale waya ulipoishia. Tulipoiinua juu ya kabati la koridoni, chumbani kukapona. Televisheni ikiwa karibu na ruta, nunua waya uichomeke moja kwa moja, usiipe waifai. Halafu angalia simu za wageni na za watoto: picha zinazojihifadhi zenyewe mtandaoni na programu zinazojisasisha hula neti kimyakimya, na hakuna anayekubali kwamba ni yake.

Siku nyingine kosa si la ukuta wala la mtoa huduma wa mtaani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zinazotuletea intaneti, EASSy na Seacom, zilikatika, na Afrika Mashariki ikatambaa kwa siku kadhaa. Siku kama hizo anayetazama filamu ni yule aliyekuwa nayo tayari.

Ndiyo maana filamu mbili tatu zikae kwenye simu muda wote, ila kumbuka zilizoshushwa kwenye programu hizi zina muda wake wa kuisha, usiziweke mwezi mzima. Na kama moja ni Drishyam, shusha pamoja nayo Drishyam 2, iliyotoka Prime Video, huduma ya filamu ya Amazon, Februari 2021. Ukimaliza ya kwanza saa nne usiku utaitaka ya pili saa hiyohiyo, na saa hiyo jirani zako wote bado wako mtandaoni.