Kwa Mwalimu Mkuu Mpya: Usalama wa Bweni, Sheria ya Elimu na Namna ya Kuidai Haki ya Shule

Mwalimu anayepewa kuongoza shule ya umma nchini Kenya hupokea, siku ya makabidhiano, vitabu vya hesabu, orodha ya mali, mihuri na rundo la funguo. Wengi hukimbilia hesabu kwanza, kwa kuwa mkaguzi wa hesabu huogopwa kuliko mgeni mwingine yeyote. Ushauri wangu ni kwamba uanze na funguo: uliza kila ufunguo ni wa mlango gani, unashikwa na nani usiku, na kama upo mlango wowote wa bweni unaofungwa kwa nje wanafunzi wakiwa ndani.

Swali hilo lina historia yake. Machi 1998, wasichana 26 walifariki katika moto wa bweni Bombolulu, Kwale. Machi 2001, wavulana 67 walifariki Kyanguli, Machakos. Katika mikasa yote miwili kulikuwa na mlango uliofungwa na madirisha yenye vyuma. Septemba 2024, wavulana 21 walifariki Endarasha, Nyeri, na suala la msongamano likajitokeza tena. Chanzo cha moto hutofautiana, na mara nyingine hakijulikani kamwe, lakini kinachogeuza moto kuwa msiba ni kilekile: mtoto hana pa kutokea. Huwezi kuahidi kwamba hakuna atakayewasha kiberiti. Unaweza kuhakikisha kwamba mlango unafunguka.

Mwongozo wa viwango vya usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 hauachi nafasi ya kubahatisha. Nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2, na njia ya kupita isipungue mita 2. Milango iwe na upana wa futi 5 au zaidi, ifunguke kwa nje, iwe kila mwisho wa bweni, na pawe na mlango wa dharura katikati ulioandikwa waziwazi. Madirisha yasiwe na vyuma. Chukua utepe wa kupimia, ingia bwenini wewe mwenyewe pamoja na matroni na kapteni wa bweni, mpime na kuandika. Usitegemee taarifa ya mdomo, kwa maana anayelala mbali na bweni huliona pana kuliko lilivyo.

Vipimo hivyo vitakuonyesha jambo la kusumbua, kwamba idadi ya vitanda inayoruhusiwa ni ndogo kuliko idadi ya wanafunzi ulio nao. Tangu sera ya kumpeleka kila mtahiniwa sekondari ianze kutekelezwa mwaka 2018, shule nyingi zimepokea wanafunzi kwa kasi ambayo majengo hayakuweza kuifuata. Msongamano huo hukuuanzisha wewe, lakini ukiujua na kunyamaza unakuwa wako. Yapo mambo yanayoweza kufanywa kwa awamu, kama vile kununua vizima moto vya ziada au kupanua milango. Vyuma vya madirisha havimo katika orodha hiyo. Utaambiwa na wajumbe wa bodi, na hata na wazazi, kwamba wezi wataingia. Wajibu kwamba mwizi huzuiwa na ua, taa na mlinzi, kisha mwite fundi.

Zoezi la kutoka bwenini lifanywe kwanza mchana na kwa taarifa, ili wanafunzi wajifunze njia, halafu usiku, kwa kuwa moto hauchagui saa ya wageni. Walimu wa shule za kutwa wasidhani kwamba hayo hayawahusu: Februari 2020, zaidi ya wanafunzi 10 walifariki katika mkanyagano kwenye ngazi za shule moja ya msingi mjini Kakamega wakati wa kwenda nyumbani, bila moto wowote.

Kuhusu sheria, huhitaji kuwa wakili, lakini zipo nyaraka chache ambazo hazipaswi kutoka mezani pako. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaipa bodi ya usimamizi jukumu la usalama wa wanafunzi, walimu na wafanyakazi, na wewe ndiwe katibu wa bodi hiyo. Kwa hiyo usipoweka usalama katika ajenda, kumbukumbu za mkutano zitashuhudia dhidi yako. Sheria hiyohiyo inakataza adhabu ya viboko na udhalilishaji wa kisaikolojia, na inazuia mwanafunzi kufukuzwa shuleni nje ya kanuni zilizowekwa. Kifungu cha 47 cha Katiba kinamhakikishia kila mtu uamuzi wa kiutawala ulio wa haki. Tafsiri yake ofisini ni nyepesi: mwanafunzi aambiwe kwa maandishi anashutumiwa nini, apewe nafasi ya kujieleza mzazi wake akiwepo, na uamuzi utolewe pamoja na sababu. Baada ya vurugu mkuu wa shule hushawishika kuwatuma nyumbani wanafunzi wote wa kidato kimoja kwa mkupuo. Uamuzi wa namna hiyo ni rahisi kutenguliwa mahakamani, hata kama miongoni mwao wamo wakosaji wa kweli.

Jambo moja halina majadiliano. Ukisikia tuhuma kwamba mwalimu amemdhulumu mwanafunzi kingono, usiitishe kikao cha upatanisho na usikubali familia ziyamalize nyumbani. Waraka namba 3 wa mwaka 2010 wa Tume ya Huduma kwa Walimu unataka taarifa itolewe ndani ya saa 24, na anayenyamaza naye hukabiliwa na hatua za nidhamu. Si kazi yako kupima kama tuhuma ni za kweli. Kazi yako ni kumlinda mtoto, kuripoti na kuhifadhi ulichokiandika.

Sasa kuhusu kuidai haki ya shule: unapoomba fedha za kurekebisha au kujenga bweni, vipimo ulivyoandika ndivyo silaha ya utetezi. Wewe ni mtumishi wa umma usiyepaswa kuegemea upande wa kisiasa, hivyo mwache mwenyekiti wa bodi na chama cha wazazi wazungumze mbele ya watu, nawe uwape takwimu. Barua isiyotaja kipimo, idadi ya wanafunzi na makadirio ya gharama ni malalamiko tu, na malalamiko hayatengewi fedha. Ijue pia ofisi husika: ujenzi wa bweni unaweza kuombewa fedha katika mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, ilhali huduma za zimamoto ziko chini ya serikali ya kaunti kwa mujibu wa Katiba. Peleka nakala mbili, na urudi na moja iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Angalia na kalenda. Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na kabla ya hapo wananchi hupewa nafasi ya kutoa maoni. Wazazi wenu wafike katika vikao hivyo wakiwa na barua mkononi, kwa kuwa mwaka wa fedha ukishaanza Julai kilichobaki ni kusubiri mwaka unaofuata.