Kuomba Ruzuku kwa Taasisi ya Hisani ya Familia

SWALI: Mhariri, pokea salamu zetu kutoka Moshi. Sisi ni kikundi cha wazazi wa watoto wenye ulemavu, na tumeanzisha chumba cha mazoezi tiba ambako mtaalamu wa fiziotherapia huja kila wiki. Mgeni kutoka Marekani, aliyekuja kupanda Mlima Kilimanjaro, alitutembelea akatuachia jina la taasisi ya hisani ya familia moja ya huko kwao. Tumeandika andiko la kurasa thelathini, lakini taasisi hiyo inatangaza kwamba haipokei maombi ya wasioalikwa. Je, tulitume hivyo hivyo? Na ni lazima tuwe shirika lililosajiliwa?
Katibu wa kikundi, Moshi

JIBU: Ndugu Katibu, hongereni kwa kazi mnayoifanya. Nawasihi msilitume andiko hilo kwa sasa. Fedha za taasisi ya namna hii zimetoka katika familia moja, na wanaoketi kuzigawa mara nyingi ni watoto na wajukuu wa aliyeziweka, ambao hutoa kwa mambo yaliyowagusa wao wenyewe na katika maeneo wanayoyafahamu. Familia iliyokwisha kuamua kujenga maktaba haitaanza kugharamia mazoezi tiba kwa sababu tu ya ufasaha wa andiko. Kwa maoni yangu, maombi mengi hukataliwa kwa sababu yalipelekwa mahali yasipohusika, hata kama yameandikwa vizuri.

Jambo hilo mnaweza kulichunguza mkiwa hapo hapo Moshi. Kila taasisi binafsi ya hisani ya Marekani hutakiwa kuwasilisha kila mwaka, kwa mamlaka ya mapato ya nchi hiyo, taarifa iitwayo Fomu 990-PF, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma na hupatikana bure kwenye intaneti. Humo mna majina ya wadhamini, thamani ya mali, orodha ya waliopewa ruzuku pamoja na kiasi walichopewa, na sehemu ya kueleza kama taasisi hupokea maombi au huchagua yenyewe wa kumpa. Someni taarifa za miaka mitatu mfululizo. Mkikuta haijawahi kutoa fedha nje ya Marekani, tafuteni mlango mwingine bila kinyongo. Mkikuta ruzuku zake ni za dola 5,000 au 10,000, msiombe dola 80,000. Kumbukeni pia kwamba sheria ya huko huzitaka taasisi hizi zitoe kila mwaka takribani asilimia 5 ya thamani ya mali zake, kwa hiyo nanyi andikeni kwa heshima lakini bila kujidhalilisha.

Tangazo la kutopokea maombi liheshimuni. Linaloruhusiwa ni kumwomba yule mgeni, ikiwa anafahamiana na familia hiyo, awafikishie barua ya ukurasa mmoja inayouliza kama mnaweza kualikwa. Elezeni humo ni watoto wangapi mnaowahudumia, hali zao zilikuwaje na sasa zikoje, ni kitu gani kinachokwamisha kazi, na kinahitaji shilingi ngapi. Msiifiche posho ya mtaalamu chini ya neno «uendeshaji», kwani bila yeye chumba hicho ni kuta tupu, na mfadhili makini atalielewa hilo likiandikwa waziwazi. Orodhesheni vilevile michango ya wazazi, hata isiyo ya fedha: chumba, usafi, chakula cha watoto. Picha za watoto msizitume bila ridhaa ya wazazi wao, hata kama mnaamini zitawagusa wasomaji.

Kuhusu usajili, muoneni Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri yenu. Usajili wa kikundi ngazi ya halmashauri ni mwanzo mzuri, lakini taasisi ya nje kwa kawaida hutaka chombo chenye hati, katiba, hesabu zinazokaguliwa na akaunti ya benki kwa jina lake, na kwa wengi njia yake ni Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya 2002. Wakati mnasubiri, mnaweza kuingia makubaliano ya maandishi na shirika lililokwisha kusajiliwa ili lipokee fedha kwa niaba yenu. Jueni pia kwamba fedha zikizidi shilingi milioni 20, kanuni za 2018 hulitaka shirika liweke wazi chanzo chake na matumizi yake.

SWALI: Tulipewa ruzuku ya kutengeneza madawati ya shule, bei ya mbao ikapanda. Tunaweza kuchukua fedha za semina ya walimu tukajazia?
Mwalimu, Arusha

JIBU: Mwalimu, msihamishe hata shilingi moja kabla ya kupata kibali cha maandishi. Mikataba ya taasisi nyingi za Marekani hutaka fedha isiyotumika kwa kusudi lililokubaliwa irudishwe, kwa kuwa taasisi yenyewe hudaiwa maelezo na serikali yake. Andikeni leo, mkiambatisha nukuu ya bei ya zamani na ya sasa kutoka kwa muuza mbao, mkisema ni madawati mangapi yatapungua msiporuhusiwa. Jibu likija, lihifadhini katika jalada moja na stakabadhi.