Hema la watu wanne halilazi watu wanne

Familia ya Mombasa inayonunua hema la ufukweni na la mlimani pia ijue hili kwanza: nambari iliyoandikwa kwenye mfuko wa hema ni ya muuzaji, si ya mlalaji. "Watu 4" maana yake ni magodoro manne ya sentimita 50 na kitu, yamebanwa ukuta kwa ukuta, bila begi, bila viatu, bila mtoto anayelala kichwa mashariki akaamka kichwa magharibi. Uliza vipimo vya sakafu, halafu piga hesabu mwenyewe: mtu mzima sentimita 65, mtoto wa shule ya msingi 55, mabegi 60. Baba, mama na watoto wawili wanakula sentimita 240. Mabegi yakiingia, 300. Urefu usipungue 220, kwa sababu ukuta wa hema umeinama. Upande wa kichwani na wa miguuni unapoteza kama sentimita 15 kila mmoja, na mfuko wa kulalia ukigusa ukuta usiku kucha asubuhi utakuwa umelowa.

Ukitaka kuona ukubwa huo kabla ya kutoa pesa, toa jozi mbili za leso. Leso moja ina karibu sentimita 150 kwa 110. Tandika vipande vinne sebuleni, viwili kwa viwili, upate 300 kwa 220. Waite wote walale hapo na mabegi yao, wageuke, mmoja ainuke kama anayekwenda msalani usiku. Kisha toa kipande kimoja muone. Zoezi hili la dakika tano linashinda maelezo yote ya dukani, na kwa kawaida familia ya watu wanne huishia kwenye hema lililoandikwa 6.

Kama una wasichana na wavulana waliokwisha kuwa wakubwa, tafuta lenye pazia la kugawa vyumba, au nunua mahema mawili ya watu 3. Mimi napendelea mawili. Uwanja wa kambi za mlimani ni wa mawe na miteremko. Kupata sehemu mbili tambarare za mita mbili mbili ni rahisi kuliko kupata moja ya mita tatu na nusu. Mzigo pia hugawanyika. Ila kwa watoto wadogo wanaoamka wakilia, hema moja tu, msisumbuane kutafutana gizani.

Kimo nacho huponza watu. Hema la kusimama wima, sentimita 190 na zaidi, ni raha tupu ufukweni Tiwi au mbugani Tsavo, gari likiwa mlangoni. Mlimani hilo ni tanga. Upepo unalisukuma ubavuni hadi fito zinapinda, na hewa mnayoipasha kwa miili yenu yote inapanda juu mahali hakuna mtu. Sentimita 130 hadi 150 zatosha kukaa kitako na kuvaa nguo kwa magoti. Lisilokosekana ni baraza, ile sehemu ya mbele iliyofunikwa na paa la nje lakini haina sakafu. Hapo ndipo viatu vya matope na makoti yaliyolowa hulala. Baraza la kina cha sentimita 80 ni zuri. Chini ya 60 ni mapambo.

Sasa baridi. Watu wengi wa Pwani hununua hema wakiifikiria baridi ya Julai, ambayo hapa ni shuka moja tu. Joto hushuka takriban nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Chukua usiku wa Mombasa wa nyuzi 22. Kilele cha Vuria, kirefu kuliko vyote katika vilima vya Taita, kina mita 2,208: hapo mnalala kwenye nyuzi 8 hivi. Old Moses, kambi ya Mlima Kenya upande wa Sirimon, iko kwenye mita 3,300: karibu sufuri. Kambi za mita 4,200 ni nyuzi 5 chini ya sufuri, na hapo hujahesabu upepo. Theluji huko juu inaweza kuanguka mwezi wowote, ingawa Januari na Februari, kaskazi inapovuma kwetu, huwa ni miezi mikavu zaidi mlimani.

Kosa la kwanza, basi, ni kupanda na hema la ufukweni. Utalitambua mara moja: chumba cha ndani nusu yake ni wavu, na juu kuna kipande cha kitambaa kama kofia kinachoishia katikati ya ukuta. Kwetu ni zuri, upepo unapita. Kwenye mita 3,000 mvua ya upepo inaingia kwa ubavu, na mvua ya mawe inaruka chini ya ile kofia hadi kitandani. Paa la nje lishuke pande zote nne mpaka sentimita 5 hadi 10 kutoka ardhini, na lisigusane na chumba cha ndani. Pawe na kiganja kizima kati yao.

Lakini lisiwe limezibwa kabisa. Watu wanne wakilala usiku kucha wanatoa zaidi ya lita moja ya maji kwa pumzi na jasho. Maji hayo yakikutana na kitambaa baridi yanakuwa matone, na kwenye baridi ya chini ya sufuri yanaganda kuwa unga mweupe unaowamwagikia alfajiri mkitikisa hema. Mtu husema hema linavuja, kumbe ni pumzi yao. Tafuta madirisha mawili ya hewa yaliyo juu, yanayopingana, na yawe wazi hata kwenye baridi kali. Na jiko la makaa lisiingie ndani, wala barazani. Hewa yake yenye sumu haina harufu wala haionekani, na anayelala haamki kuikimbia.

Kitambaa husomwa kwa milimita za maji, yaani urefu wa mnara wa maji ambao kitambaa kinaustahimili kabla ya kuvuja. Paa 1,500 linatosha na 2,000 ni vizuri. Sakafu 3,000 au zaidi, kwa sababu goti la mtu mzima linakandamiza maji kutoka chini. Usilipie zaidi kwa paa la 5,000. Pesa hiyo ipeleke kwenye fito.

Fito ndizo zinazotofautisha bei. Za fiberglasi, zile nene za milimita 8 hadi 11, ni nzito na rahisi. Kwenye baridi hukakamaa na kupasuka kwa urefu, na nyuzi zake huingia kidoleni kama miiba ya samaki, kwa hivyo usiukamate ufito uliopasuka bila glavu. Za alumini hupinda kabla ya kuvunjika, na ufito uliopinda bado unashikilia paa hadi asubuhi. Aina yoyote utakayochukua, beba kipande cha bomba cha sentimita 12 ambacho ufito unapita ndani yake, na utepe imara. Ukivunjika, unaupenyeza humo, unafunga ncha mbili, mnalala.

Hesabu pia ni mara ngapi fito zinakatana. Mbili zikikatana mara moja juu ni hema la mvua na upepo wa wastani. Tatu au nne zinazokatana mara kadhaa ndizo za theluji, na sababu ni uzito. Theluji mpya ya sentimita 10 juu ya paa la mita 5 za mraba inaweza kufika kilo 50, na iliyolowa huzidi hapo sana. Paa bapa linaipokea likabonyea, likipata shimo linakusanya zaidi. Kwa hivyo mtu mzima mmoja aamke kila saa mbili au tatu, apige paa kwa ndani kwa kiganja mpaka iteleze, kisha atoke aiondoe iliyorundikana kuzunguka ukuta, isije ikaziba hewa ya chini.

Je, ununue hema la theluji? Kwa familia ya Mombasa itakayoona theluji mara moja kwa miaka miwili, nasema hapana. Ni ghali, ni zito, na Shimba Hills mtachemka ndani yake kama viazi. Nunua hema zuri la mvua na baridi ya kawaida, lenye paa linaloshuka chini na fito za alumini, litakalowafikisha Taita na hadi Old Moses. Hema la kambi za juu zaidi likodi kule kule Nanyuki, Naro Moru au Moshi kwa wanaopeleka watu mlimani, na ulitandaze mchana ukilikagua kabla ya kulibeba. Kilimanjaro mkipita njia ya Marangu hamhitaji hema, mnalala kwenye vibanda. Watoto walio chini ya miaka 10 hawaruhusiwi kwenda kileleni, basi usiwanunulie vifaa vya huko.

Anayetaka kuliimarisha hema lake aende kwa fundi wa viti vya magari au maturubai ya tuktuk, mwenye cherehani nzito. Amshonee paa la nje sketi ya kitambaa cha nailoni, upana wa sentimita 25, kuzunguka chini. Mkifika, mnaitandaza juu ya ardhi na kuilaza mawe au theluji, na upepo haupenyi tena. Kila tundu la sindano lizibwe kwa gundi ya mishono. Hapa wengi hukosea: utando wa poliurethani, ule unaong'aa upande wa ndani wa kitambaa, unataka gundi ya poliurethani, na kitambaa kilichopakwa silikoni kinataka ya silikoni. Ukizibadilisha, gundi inabanduka kama ganda la ndizi.

Vigingi vya waya vinavyokuja na hema havishiki theluji. Shona vipochi nane vya kitambaa, ukubwa wa foronya ya mtoto. Usitegemee plastiki kwa kazi hii: mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini Kenya tangu 2017, na plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye mbuga na hifadhi tangu Juni 2020. Kwanza kanyageni uwanja kwa viatu dakika 10, kisha uacheni nusu saa ukaze. Msipofanya hivyo, joto la miili litachimba mabonde chini yenu na kila mtu atalala kwenye bakuli lake. Jazeni vipochi theluji, vifungeni kamba, vizikeni sentimita 30, mkanyage juu. Baada ya robo saa jaribu kuvuta. Ukiona kinasogea, zika upya.

Turubai la chini ya sakafu likatwe dogo kuliko sakafu yenyewe kwa sentimita 5 kila upande. Likitokeza nje linakusanya mvua na kuielekeza chini ya mgongo wako. Ndani, kabla ya magodoro, tandika mkeka wa plastiki. Hauleti joto, ila unaokoa sakafu na kucha na zipu. Joto linaletwa na godoro la povu gumu lisilonywa maji, milimita 10 kwa mtu mzima, na kwenye theluji mawili, moja juu ya jingine. Sponji ya kitandani iacheni nyumbani. Inanyonya unyevu na haikauki mpaka mrudi Voi.

Mahema hujitokeza pia kwenye mitumba, Kongowea na kwingineko, na mengine ni mazuri kuliko mapya ya bei hiyo. Kabla ya kupatana bei, linuse. Harufu kama ya matapishi ni utando wa ndani uliooza. Shika kitambaa upande unaong'aa. Kikinata kidoleni, rudisha hata ukipewa bure, maana hakuna dawa. Kama ni kikavu, kunja kona ya sakafu iwe kama kikombe, mwaga maji, subiri dakika 10, pitisha karatasi ya shashi chini. Fungua na ufunge kila zipu mara tano. Kichwa cha zipu kikiacha meno wazi nyuma yake, koleo hukibana kikarudi, lakini meno yakiwa yamelika umepata kazi ya fundi. Unganisha fito zote na uzipinde pale pale, muuzaji akiangalia.

Huo uozo wa utando ndio adui wako mkubwa hapa, kuliko theluji. Poliurethani huharibiwa na joto na unyevu, na Mombasa ina vyote mwaka mzima. Hema likiwekwa limelowa kwenye mfuko wake, juu ya kabati chini ya mabati, linaanza kuoza bila kupanda mlima wowote. Mkirudi, lisuuze kwa maji matamu. Maji ya kisima ya mitaa mingi yana chumvi, na chumvi ikikauka inakula zipu na kusaga uzi, kwa hivyo nunua mitungi miwili ya lita 20 kwa mwenye mkokoteni kwa ajili hii tu. Usitumie sabuni ya unga. Anika kivulini, si kwenye jua la dari la saa sita, geuza ndani nje, na mishono ndiyo ya mwisho kukauka, iguse kwa mdomo kama huna hakika na vidole. Likikauka kabisa, paka meno ya zipu mshumaa, kisha lisokomeze ovyo ndani ya foronya kubwa ya pamba na ulilaze chumba chenye upepo, palipoinuka kutoka sakafuni na mbali na ukuta. Kila baada ya miezi mitatu litoe, likunjue, lipate hewa siku nzima, hata kama hamna safari.