Kamati ya ukaguzi ya bodi inabadilisha nini kwenye hesabu? Jibu la mtu aliyekuwa anaandaa makabrasha

Mkuu mleta uzi, umeuliza kama kamati ya ukaguzi, yaani wajumbe wachache wa bodi wanaosimamia hesabu na wakaguzi, inaongeza chochote kwenye ubora wa hesabu za kampuni, au ni vikao vya posho tu huku kazi ikifanywa na mhasibu na mkaguzi wa nje. Umesema pia umeteuliwa kuingia kwenye kamati hiyo na hutaki kwenda kupamba meza. Nitakujibu kwa niliyoyaona, maana nilianzia kwenye ukaguzi wa nje, kisha nikahamia idara ya fedha ya kampuni moja nikawa naandaa makabrasha ya bodi.

Kwanza tuelewane hesabu huharibikia wapi. Wengi wakisikia kupika hesabu wanamfikiria mtu anayeghushi risiti. Wapo, ila si ndio wengi. Sehemu kubwa ya faida ya kampuni inakaa kwenye makadirio: mdaiwa gani atalipa na yupi ameshapotea, mzigo upi ghalani bado una thamani, kesi iliyoko mahakamani itatugharimu kiasi gani, mtambo utadumu miaka mingapi. Hapo hakuna risiti ya kumwonyesha mtu. Na tangu kiwango cha kimataifa cha uhasibu cha IFRS 9 kianze kutumika 2018, makadirio yamezidi, kwa sababu sasa unatakiwa kukisia hasara ya mkopo hata kabla mdaiwa hajaanza kusuasua. Mhasibu mzoefu anaweza kukupa namba tatu tofauti, kila moja na hoja yake. Itakayoingia vitabuni inategemea sana nani ataiulizia.

Kampuni yenyewe ilikuwa ya kusambaza bidhaa za dukani, yenye maghala mikoani. Sitaitaja. Bodi yake ilijaa watu wenye majina. Makabrasha tulikuwa tunayapeleka jioni ya kuamkia kikao, kitabu kinene, na wajumbe wanakifungulia mezani kati ya chai na sambusa. Maswali yalikuwepo, tena makali, lakini yalihusu mafuta ya magari, safari za mameneja na bei ya kukodi ukumbi, mambo ambayo kila mtu anayaelewa. Deni kubwa la mteja aliyekwisha kufunga duka linapita hakuna hata anayekohoa. Idarani tulijua. Kwenye makisio ya madeni yasiyolipika, agizo lilikuwa "wekeni asilimia ile ile ya mwaka jana." Mkaguzi wa nje akihoji, anaonyeshwa barua ya mteja ya kuahidi kulipa, hoja inafungwa, maisha yanaendelea.

Kisha akaja mwenyekiti mpya wa kamati, mama mmoja mstaafu wa benki. Hakuja na nadharia. Aliagiza makabrasha yafike wiki moja kabla, yakichelewa kikao hakuna, na kweli kimoja alikiahirisha wajumbe wakiwa wameshafika. (Posho hawakupata. Habari hiyo ilienea jengo zima kabla ya saa sita.) Halafu akalikataa jedwali la wadaiwa la asilimia. Akataka majina. "Huyu mara ya mwisho ametoa hela lini?" Jina kwa jina, swali hilo hilo. Mkurugenzi wa fedha akijibu kwamba mteja ameahidi, mama anaandika, na kikao kinachofuata, kwenye yatokanayo, anaanzia pale pale alipoishia.

Mwaka huo huo akaomba orodha ya mizigo iliyorudishwa na wateja mwezi Januari. Mnaoijua biashara ya usambazaji mmeshacheka. Desemba ikiyoyoma, watu wa mauzo wanajaza mzigo kwa mawakala ili watimize malengo na bonasi ipatikane. Januari mzigo unarudi. Kwenye hesabu za mwaka uliokwisha yale yanaonekana mauzo halali kabisa, yana ankara na hati ya kupokelea mzigo yenye saini. Ukaguzi wa sampuli unaweza kuyapita. Anayeyakamata ni mtu anayejua aombe karatasi ya mwezi unaofuata.

Kitu kingine alichofanya ni kukaa na mkaguzi wa nje faragha, sisi wa menejimenti tukiwa tumetolewa nje. Kule kusubiri koridoni bila kujua kinachosemwa ndani kulimbadilisha mkurugenzi wetu wa fedha kuliko semina zote alizohudhuria. Mkaguzi wa ndani naye, ambaye zamani ripoti zake zilipitia kwa mkurugenzi mtendaji ili "zirekebishwe lugha", akaanza kuzipeleka kwenye kamati moja kwa moja, na tathmini yake ya kazi ikahamia huko huko. Nadhani hili la mwisho ndilo zito kuliko yote. Mtu hawezi kumkagua anayemsainia likizo na nyongeza ya mshahara.

Matokeo? Faida ya mwaka wa kwanza ilishuka, na wanahisa walinuna kuhusu gawio. Humu watu wanapenda kusema utawala bora unaleta faida. Mimi mwaka ule sikuiona. Nilichokiona ni namba za robo mwaka kuanza kukubaliana na za mwisho wa mwaka. Zamani faida ilikuwa inapendeza Septemba, halafu mkaguzi anakuja kuikatakata. Sasa marekebisho yake yakapungua kwa sababu tulikuwa tumeshayafanya wenyewe, mapema, kwa kuogopa maswali ya mama.

Kuna mchangiaji hapo juu kasema dawa ni sheria tu: lazimisha kamati, lazimisha wajumbe huru, basi. Hapo simfuati. Toshiba ya Japani iliingia kwenye mfumo wa kamati za bodi mwaka 2003, mapema kuliko kampuni nyingi za nchi ile, ikasifiwa kweli kweli. Mwaka 2015 ikabainika imekuza faida kwa miaka kadhaa, zaidi ya yeni bilioni 150, na aliyekuwa akiongoza kamati ya ukaguzi alikuwa mkurugenzi wa fedha wa zamani wa kampuni hiyo hiyo. Kwenye Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, mwenyekiti wa kamati alikuwa profesa wa uhasibu aliyewahi kuwa mkuu wa shule ya biashara ya Stanford. Utaalamu ulikuwepo. Bodi hiyo hiyo ikalegeza kanuni zake za maadili ili mkurugenzi wa fedha, Andrew Fastow, aendeshe ubia uliokuwa unafanya biashara na Enron yenyewe. Desemba 2001 wakaomba kinga ya ufilisi. Utafiti wa Mark Beasley wa 1996, uliolinganisha kampuni za Marekani zilizopika hesabu na zisizopika, uliona kwamba wajumbe wa kutoka nje ya menejimenti walikuwa wengi zaidi kwenye zile safi. Ila kuwepo tu kwa kamati ya ukaguzi hakukuonyesha tofauti ya maana.

Karibu na kwetu, tazama Imperial Bank ya Kenya. Oktoba 2015 Benki Kuu iliiweka chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kutoka nje, baada ya bodi yenyewe kupeleka taarifa za mambo yasiyo sawa, na hilo lilikuja wiki chache tu baada ya mkurugenzi wake mkuu kufariki. Miaka yote ya nyuma vikao vilikuwa vinafanyika. Aprili 2016 ikafuata Chase Bank ya huko huko, baada ya hesabu za mwaka kuchapishwa mara mbili, toleo la pili likionyesha mikopo ya watu wa ndani kuwa mikubwa kuliko ile ya toleo la kwanza. Ndiyo maana mimi nikipewa ripoti ya mwaka ya kampuni yoyote, kabla ya faida natafuta maelezo ya miamala na watu wenye uhusiano na kampuni, yale yanayodaiwa na kiwango cha IAS 24. Yakiwa mafupi kupita kiasi kwenye kampuni ya familia, naanza kukaa vizuri kwenye kiti.

Mashirika ya umma yana ugonjwa wao. Ripoti za CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya Tanzania, zimetaja mara kadhaa taasisi zinazoendeshwa bila bodi kwa sababu muda wa iliyopita umeisha na mpya haijateuliwa. Hapo hata ukiwa na mhasibu malaika, anayetakiwa kumuuliza hayupo. Na mliomo kwenye SACCOS, kamati yenu ya usimamizi ndiyo kazi yake hii. Nyingi nilizokutana nazo zinachaguliwa kwa heshima ya mtu mtaani.

Sasa wewe, mkuu. Kabla ya kikao chako cha kwanza mwombe katibu wa bodi mihtasari ya mwaka mmoja uliopita na barua ya mwisho ya mkaguzi wa nje kwa menejimenti, ile inayoorodhesha kasoro alizozikuta. Tia alama hoja za ukaguzi zinazojirudia, kisha uangalie kama kuna mjumbe yeyote aliyewahi kuziulizia. Dai orodha ya wadaiwa kwa majina. Omba kukutana na mkaguzi faragha, na wakikwambia haijawahi kufanyika hapo, sema ombi lako na jibu lao viandikwe kwenye muhtasari.