Kuwahoji wanafunzi unaowafundisha mwenyewe

Dada, umeuliza kama unaweza kuwapa dodoso wanafunzi wako wa shahada ya uuguzi kuhusu wanavyosimamiwa wodini. Unaweza, ila usiligawe wewe. Wewe ndiye unayewasahihishia mitihani. Nani atathubutu kuandika kwamba huwatembelei wodini? Tafuta mtu asiyewafundisha aligawe na kulikusanya, bila majina, tena matokeo ya mitihani yakishatoka. Kamati ya maadili ya utafiti itakubana hapo hapo. Mimi walinirudishia pendekezo la utafiti mara mbili!

Sampuli: kwa wanafunzi 120, fomula ya Yamane (ya kukokotoa idadi ya watu wa kuhojiwa) kwa kosa la asilimia 5 inakupa 93. Ningewachukua wote tu, maana wengine hawarudishi. Walimu wa kliniki, wale wanaowasimamia wodini, ni wachache, hao kaa nao uwahoji ana kwa ana.